Au pair Ufaransa: Jumapili utasali wapi? Majibu kwa wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Barua nyingi zilizofika mezani safari hii ni za wasichana wa Mwanza na mikoa jirani wanaojiandaa kwenda Ufaransa kama au pair, yaani kijana anayekaa na familia ya huko, anasaidia kulea watoto kwa saa chache, anapewa chumba, chakula na fedha ya mfukoni, huku akijifunza lugha. Karibu wote wameulizia kanisa. Tumechukua maswali yanayogusa wengi, mengine yamefupishwa.

Swali: Shikamooni wahariri. Nina miaka 22, nimemaliza diploma ya ualimu wa awali. Nimepata familia yenye watoto wawili kwenye kijiji nje ya Lyon. Kwenye simu mama mwenye nyumba alisema wao hawana dini. Mimi sikosi Jumapili. Nikitaja habari za kanisa kabla hata sijafika, si wataona nina masharti mengi wanikatae? (Msomaji, Igoma)

Jibu: Marahaba, binti. Taja sasa, kabla hujasaini. Mfaransa kukwambia hana dini ni kama jirani yako kukwambia hatumii sukari kwenye chai: anakupa taarifa, hakuombi uache yako. Kitakachomkera ni kugundua Jumapili ya pili, saa mbili asubuhi, watoto wako mezani, kwamba wewe umeshavaa viatu unatoka.

Sheria iko upande wako, ila si kwa kiasi wengi wanachodhani. Kwa kijana anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, Ufaransa inataka awe na miaka 18 hadi 30, na awe na Kifaransa cha msingi, au elimu ya sekondari, au ujuzi wa kazi. Diploma yako inatosha hapo. Kazi haizidi saa 25 kwa wiki. Fedha ya mfukoni haipungui euro 320 kwa mwezi. Chumba kiwe chako peke yako, muda wa masomo ya lugha uwepo, na siku moja nzima ya mapumziko kila wiki. Yote haya yanaandikwa kwenye makubaliano yanayoitwa convention d'accueil, ambayo wewe na familia mnasaini na ndiyo yanayokwenda na maombi ya visa. Makubaliano ni ya mwaka mmoja, na jumla huwezi kukaa kwa hadhi hiyo zaidi ya miaka miwili.

Sasa rudi kwenye siku ya mapumziko usome tena. Imeandikwa siku moja nzima. Haikuandikwa Jumapili. Mkataba wa Ulaya kuhusu au pair, uliosainiwa Strasbourg mwaka 1969 na ambao Ufaransa iliuridhia, unakwenda mbele kidogo: walau mara moja kwa mwezi siku hiyo iangukie Jumapili, na kijana apewe nafasi kamili ya kushiriki ibada ya dini yake. Familia inayokupa Alhamisi tatu na Jumapili moja itakwambia imetimiza, na wewe utabaki unabishana kwa Kifaransa cha miezi miwili. Jumapili zako nne zinapatikana kwenye mazungumzo yenu ya sasa, na mazungumzo hayo yaingie kwenye karatasi.

Mwandikie ujumbe mfupi, wa kawaida, usio na kuomba radhi: «Je suis chrétienne et je vais à l'église le dimanche matin. Est-ce que mon jour de repos peut être le dimanche ? Y a-t-il un bus ou un train ce jour-là ?» Maana yake: mimi ni Mkristo, Jumapili asubuhi naenda kanisani, siku yangu ya mapumziko inaweza kuwa Jumapili, na je, kuna basi au treni siku hiyo? Jibu la swali la mwisho lina uzito kuliko binti wengi wanavyofikiri. Vijijini Ufaransa mabasi mengi hayatembei Jumapili. Halafu parokia moja ya kijijini inaweza kuwa na makanisa kumi au zaidi ambayo Misa inazunguka kati yake: wiki hii hapa, wiki ijayo kilomita kumi na mbili mbele. Kwa hiyo uliza kanisa lenye ibada kila wiki liko umbali gani, kama kuna baiskeli unayoweza kutumia, na kama kuna mtu wa kijijini anayekwenda na gari. Familia nyingi zisizosali zina bibi au jirani anayesali, na lifti hupatikana.

Mtego mwingine ni Jumamosi usiku. Wazazi wanatoka, wewe unabaki na watoto, wanarudi saa nane usiku, na asubuhi mwili umekataa. Kubalianeni mapema: kama ni mara mbili kwa mwezi, iwe mbili, na saa hizo zihesabiwe ndani ya zile 25. Likizo nazo zina mambo yake. Shule za Ufaransa hufunga wiki mbili baada ya kila kama wiki sita au saba, na familia huhamia kwa bibi au milimani. Uliza kama utakwenda nao, na kama siku yako ya mapumziko inakwenda nawe.

Jambo la mwisho, na hapa tunasisitiza: usiwapeleke watoto kanisani, usisali nao wakati wa kulala wala kuwafundisha pambio bila wazazi kuridhia waziwazi. Kwetu mtoto wa jirani akiingia Sunday school hakuna anayeuliza. Kule familia isiyo na dini italiona jambo hilo kama umeingilia malezi yao, na hilo linaweza kukutoa kwenye nyumba kuliko sahani uliyovunja.

Swali: Mimi ni Msabato. Familia wanasema Jumapili nitakuwa huru kabisa. Nifanyeje? (Msomaji, Musoma)

Jibu: Una cha kuwapa, nacho ni hiyo Jumapili. Wazazi wa Kifaransa wakiwa na mtu wa kuwasaidia Jumapili asubuhi hufurahi, kwa kuwa wengi wa au pair wanaitaka siku hiyo. Pendekeza Jumamosi iwe siku yako nzima.

Ugumu wako uko Ijumaa jioni, kwa kuwa Sabato huanza jua linapozama. Huku kwetu jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, hivyo hatuna mazoea ya kuhesabu. Paris katikati ya Desemba linazama kabla ya saa 11 jioni, na mwishoni mwa Juni linakaribia saa 4 usiku. Shule ya msingi hutoa watoto kama saa 10 na nusu. Maana yake Ijumaa ya Desemba unafika langoni mwa shule, unawavusha barabara, na Sabato imeshaanza kabla hawajavua makoti. Bado kuna kuoga, chakula cha jioni na kitanda. Weka hilo mezani mapema: kuanzia Novemba hadi Februari Ijumaa jioni mzazi achukue zamu, na wewe uzirudishe saa hizo Jumatano, siku ambayo shule nyingi za msingi hazina masomo au huishia mchana na wazazi huhangaika kupata mtu. Kiangazi hakuna shida, watoto watakuwa wamelala kabla jua halijazama. Chapisha jedwali la machweo la mji wako na ulitume pamoja na pendekezo. Mtu akiona saa kwa macho anaelewa haraka.

Ukipangiwa upande wa mpaka wa Uswisi, karibu na Geneva, ujue Waadventista wana chuo cha miaka mingi Collonges-sous-Salève, na wanafundisha pia Kifaransa kwa wageni.

Swali: Niko Nyegezi, Mkatoliki, Kifaransa changu ni cha A1, ngazi ya kwanza kabisa. Nikiingia Misani nitaelewa nini? Au nitafute Misa ya Kiingereza kwanza? (Msomaji)

Jibu: Nenda ya Kifaransa tangu Jumapili ya kwanza. Misa ndiyo maandishi pekee ya Kifaransa ambayo tayari unajua maana yake yote kwa moyo. Darasani mwalimu akisema sentensi, unatafuta maana. Kanisani maana unayo, unatafuta sauti tu. Hakuna kitabu cha lugha kinachokupa hilo, kisha kikarudia maneno yale yale kila wiki kwa mwaka mzima, tena kwa sauti za watu mia wakisema pamoja.

Anza ungali Nyegezi. Chukua majibu mafupi kwanza: «Et avec votre esprit», «Nous rendons grâce à Dieu», «Louange à toi, Seigneur Jésus». Yakikaa mdomoni, ingia Notre Père (Baba Yetu), kisha Je confesse à Dieu (sala ya kuungama). Nasadiki iwe ya mwisho, na usijitwishe ile ndefu: parokia nyingi za Ufaransa husali Kanuni ya Imani ya Mitume, ambayo ni fupi. Angalia tu chanzo unachosomea. Ufaransa ilibadilisha mstari mmoja wa Baba Yetu kuanzia Majilio ya 2017. Sasa husemwa «et ne nous laisse pas entrer en tentation». Majilio ya 2021 ikaanza tafsiri mpya ya Misale nzima, na Nasadiki ile ndefu sasa ina «consubstantiel au Père». Kitabu cha zamani ulichoazima kwa sista, au video ya miaka kumi iliyopita, vitakufundisha maneno ambayo ukiyasema kwa sauti benchi zima litageuka.

Masomo ya Misa ya kila siku yako bure kwenye tovuti na programu ya AELF, ambayo ndiyo matini rasmi ya liturujia kwa nchi zinazotumia Kifaransa. Utaratibu unaofaa ni huu: Alhamisi soma Injili ya Jumapili kwa Kiswahili. Ijumaa isome kwa Kifaransa, mara mbili, ya pili kwa sauti. Jumamosi chagua maneno matano usiyoyajua, si ishirini. Jumapili weka simu mfukoni usikilize. Ukishika maneno matatu kati ya yale matano, wiki imefanya kazi yake.

Kuna mahali utakwama, na usidhani ni akili yako. Biblia ya Kifaransa husimulia kwa wakati unaoitwa passé simple: il vit (aliona), ils partirent (waliondoka), Jésus leur répondit (Yesu akawajibu). Mama mwenye nyumba hasemi hivyo hata siku moja. Yeye atasema il a vu, ils sont partis. Darasa la A1 na A2 halikufundishi wakati huo. Jifunze kuutambua tu, usiutumie mezani, la sivyo watoto watacheka kwamba unaongea kama kitabu cha hadithi. Vilevile kwenye Baba Yetu Mungu huitwa kwa neno la Kifaransa «tu», yaani wewe ya ukaribu, lakini Salamu Maria huanza «Je vous salue», kwa wewe ya heshima, na padri naye anajibiwa kwa «votre», ya heshima vilevile. Usijaribu kutoa kanuni hapo ya namna ya kumwita baba mwenye nyumba.

Namba za Zaburi nazo huchanganya. Liturujia ya Kikatoliki kwa Kifaransa hufuata hesabu ya Kigiriki, kwa hiyo «Bwana ndiye mchungaji wangu», ambayo sisi tunaijua kama Zaburi ya 23, kwenye ubao wa kanisa itakuwa Psaume 22. Kuanzia Zaburi ya 10 hadi ya 147 tofauti huwa ya namba moja karibu kote. Waprotestanti wa Ufaransa hawana shida hiyo, wao hutumia 23 kama sisi.

Mahubiri yatakuwa magumu kwa miezi kadhaa. Yaache yapite, sikiliza mifupa yake: d'abord (kwanza), ensuite (kisha), c'est pourquoi (ndiyo maana), autrement dit (kwa maneno mengine). Ukiona neno moja limerudi mara nne, liandike vile unavyolisikia, ulitafute nyumbani.

Halafu baki nje ya mlango baada ya Misa. Hapa wengi wanapoteza nusu ya faida. Huku kwetu mtu mgeni husimamishwa ajitambulishe, makofi yanapigwa, mwenyekiti wa jumuiya anamfuata kuuliza anakaa mtaa gani. Kule hakuna jumuiya ndogondogo za aina hiyo, na hakuna atakayekufuata. Hawakukatai, wanaona kukuuliza ni kukusumbua. Wewe ndiye uanze: «Bonjour, je suis au pair ici, je viens de Tanzanie.» Mara nyingine kuna kinywaji cha pamoja baada ya Misa, verre de l'amitié, siku hiyo usikimbilie basi. Usishangae pia ukikuta paroko ni Mwafrika, majimbo mengi ya Ufaransa yana mapadri kutoka Afrika Magharibi na Kongo. Mtajie kwamba unatoka karibu na Bukumbi, ambako Mapadri Weupe, wamisionari wa Kardinali Lavigerie wa Ufaransa, walifungua misioni mwaka 1883. Ni mwanzo mzuri wa mazungumzo.

Ratiba za Misa zinapatikana kwenye tovuti ya messes.info, unaandika jina la mji. Hakiki kila wiki wakati wa Julai na Agosti, kwa kuwa ratiba za kiangazi hubadilika. Kama Jumapili asubuhi una zamu, kuna Misa ya Jumamosi jioni, na kwenye miji yenye chuo kikuu mara nyingi kuna Misa ya vijana Jumapili jioni. Hiyo ya jioni ndiyo utakayokuta wenzako wa umri wako.

Kuhusu Kiingereza: Paris kuna kanisa Katoliki la Saint Joseph, avenue Hoche, na kwa Waprotestanti kuna American Church, quai d'Orsay, ambako au pair wengi hupita. Siku umechoka na moyo umekuwa mzito, nenda ukasali kwa lugha nyepesi. Ukifanya kila wiki utarudi Mwanza na Kiingereza kizuri.

Na saa! «Dix heures» ni saa nne asubuhi, na 18h30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele kwa saa moja usiku, na ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma. Simu hujirekebisha yenyewe, saa ya ukutani jikoni haijirekebishi. Kila mwaka Jumapili ile ya Machi kuna watu wanaingia kanisani wakati wa baraka ya mwisho.

Swali: Sisi ni AIC, rafiki yangu ni KKKT kutoka Bukoba. Tutajuaje kanisa la kweli? Nasikia kuna watu wanakukamata stesheni wanakupeleka kwenye maombi. (Msomaji, Magu)

Jibu: Kwanza maneno, maana yanawapoteza wengi. Ukiuliza église, utaonyeshwa kanisa Katoliki. Jengo la Waprotestanti wa zamani huitwa temple, na ibada yao ni culte. Andika «temple protestant» au «église évangélique» na jina la mji.

Rafiki yako wa KKKT atafute Église protestante unie de France, iliyotokana na kuungana kwa Walutheri na Wareformed (Waprotestanti wa mapokeo ya Calvin) mwaka 2013. Alsace na Lorraine kuna umoja wao, UEPAL, na eneo la Montbéliard lina Walutheri wa karne nyingi. Ibada ni tulivu, saa moja hivi, kinanda, nyimbo nne au tano. Wewe wa AIC usitarajie kuona bango la jina hilo. Utajikuta zaidi kwenye makanisa ya kiinjili. Baraza lao la kitaifa, CNEF, lina orodha ya makanisa kwenye tovuti yake, unatafuta kwa mji. Kwenye miji mikubwa kuna pia makanisa ya Wakongo na Waivori, ibada saa tatu, ngoma, chakula baada ya ibada. Roho itafurahi. Sikiliza tu lugha inayotumika nje ya mlango. Mara nyingi ni Kilingala.

Hao wa stesheni: usimpe mtu namba yako ya simu hapo hapo. Chukua kikaratasi chake, nyumbani tafuta jina la kanisa kwenye orodha ya CNEF au ya Fédération protestante de France. Kutokuwepo hakuthibitishi ubaya, lakini ni sababu ya kumuuliza mchungaji mwingine. Ondoka bila kuaga mahali wanapotaka uwaachie pasipoti, wanapouliza unalipwa kiasi gani, wanapokwambia uvunje makubaliano na familia uhamie nyumba ya «kanisa», au wanapokukataza kupiga simu nyumbani. Serikali ya Ufaransa ina chombo kinachoshughulikia vikundi vya namna hiyo, MIVILUDES, na mtu yeyote anaweza kukiandikia. Kwa hatari ya papo hapo namba ni 17 au 112.

Swali: Mwanangu anaondoka Septemba. Nimeambiwa Ufaransa ukivaa rozari unakamatwa. Nimwambie aiache? (Mama, Sengerema)

Jibu: Avae tu, mama. Sheria ya 1905 ilitenganisha dini na dola, na ya 2004 inakataza alama za dini zinazoonekana sana kwa wanafunzi wa shule za msingi na sekondari za serikali. Mwanao si mwanafunzi wa shule hizo. Barabarani, kwenye basi, kwenye kozi ya lugha ya watu wazima, langoni mwa shule akiwasubiri watoto, msalaba wake hauna tatizo. Kama akipangiwa Strasbourg au Metz atakuta hali tofauti kidogo: eneo hilo lilikuwa la Ujerumani mwaka 1905, sheria ile haikuingia, na mapadri na wachungaji hulipwa na serikali hadi leo.

Swali: Nafundisha kwaya Nansio. Binti yangu wa sauti ya kwanza anakwenda. Kuimba kutamsaidia lugha au kutampotezea muda? (Mwalimu wa kwaya, Ukerewe)

Jibu: Kutamsaidia kuliko kozi ya pili ya kulipia, Mwalimu. Kwaya ya parokia hufanya mazoezi jioni moja kwa wiki, na kiongozi husimamisha watu kwa ajili ya matamshi, jambo ambalo mezani hakuna anayelifanya. Atafanya kazi kwenye u ya Kifaransa (midomo ya u, ulimi wa i), na kwenye an, on na in, ambazo sisi huzimalizia na n kamili. Kwa wa kwetu kuna pia r na l. Kisukuma hakina r, na wengi huzibadilishana bila kusikia. Binti akisema «je vais prier» (naenda kusali) na r ikageuka l, mama mwenye nyumba ataelewa anakwenda kukunja nguo, na kwa kuwa kapu la nguo lipo, atashukuru.

Onyo moja: kwenye wimbo, e ya mwisho hupewa noti yake, Père inakuwa silabi mbili. Kwenye maongezi e hiyo hufa. Wanakwaya wageni hubeba uimbaji wao hadi dukani. Mwambie asome mashairi ya wimbo kwa sauti ya kawaida kabla ya kuyaimba.

Swali: Krismasi na Pasaka je? (Msomaji, Kirumba)

Jibu: Mlo mkubwa wa familia ni usiku wa tarehe 24 Desemba, saa zile zile za Misa ya mkesha. Makanisa mengi huweka Misa ya mapema jioni hiyo, kama saa 12. Omba hiyo, urudi kuandaa meza. Ijumaa Kuu si sikukuu ya kitaifa, shule ziko wazi isipokuwa ziwe likizo, nawe utakuwa kazini. Alsace na Moselle peke yake ndiko hupumzika. Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko kote, na pia Alhamisi ya Kupaa, 15 Agosti na 1 Novemba.

Swali: Sadaka natoa kiasi gani kwenye hizo euro 320? Na bahasha ya zaka? (Msomaji, Buswelu)

Jibu: Sarafu ya euro 1 au 2 haimshangazi mtu. Kapu hupita mara moja, hakuna majina yanayosomwa, hakuna bahasha yenye namba, wala mnada wa kuku na mayai baada ya ibada. Makanisa mengine yana kifaa cha kugusisha kadi ya benki. Tazama kiasi kilichowekwa kabla hujagusisha, kwa kuwa huwa kimepangwa tayari. Zaka ya nyumbani unaweza kuendelea kuituma kwa simu kama ulivyozoea.

Swali: Nibebe karatasi gani za kanisa? (Msomaji, Geita)

Jibu: Mkatoliki abebe nakala ya cheti cha ubatizo na cha kipaimara, na barua fupi ya paroko yenye muhuri. Wa AIC, KKKT na Sabato, barua ya utambulisho ya mchungaji. Barua iandikwe kwa Kiingereza au Kifaransa. Ya Kiswahili hakuna wa kuisoma. Zipige picha pia uzihifadhi kwenye barua pepe. Ndani ya begi hilo hilo weka soksi nzito na skafu: makanisa ya mawe ya Ufaransa hupashwa joto kidogo au hayapashwi kabisa, na kuanzia Novemba hadi Machi watu husali na makoti yao mwilini.